Mwimbaji wa kike jukwaani: amri ni ya nani, na tuangalie nini kabla ya kutia saini?

BintiKisauni aliuliza:

Assalaam aleikum, ndugu zangu na wazee wangu. Nina suala ambalo limetugawanya nyumbani, nami naomba wenye kuujua muziki wa pwani kwa ndani wanisaidie kulipima kabla halijawa uamuzi.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana umri wa miaka 22 na amekuwa akiimba kwenye harusi za mtaani kwetu Kisauni tangu amalize shule. Sasa amefuatwa na mwenye kundi moja linalopiga taarabu harusini na nyimbo za kitalii kwenye hoteli za Bamburi na Shanzu. Bwana huyo anamtaka awe mwimbaji wake mkuu, na ameleta mkataba wa miaka 3. Nimeusoma wote. Unasema kwamba mavazi yatachaguliwa na uongozi wa kundi, kwamba tuzo zote zitakazotolewa na hadhira zitaingia katika kisanduku cha kundi, kwamba nyimbo zote atakazorekodi zitakuwa mali ya kundi hata baada ya mkataba kwisha, na kwamba haruhusiwi kuimba mahali pengine popote, hata kwenye arusi ya jamaa yake, bila ya idhini. Jinsi atakavyorudi nyumbani saa nane za usiku haikutajwa popote.

Baba yake amekataa katakata kwa hoja ya heshima ya nyumba. Dada yangu amenyamaza, nami ninavyomjua, kunyamaza kwake ni kukubali. Mwenyewe binti anasema kwamba jukwaani ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu anayemkatiza kauli, na kwamba akikatazwa huko hatajua tena pa kusemea. Maneno hayo yamenikaa moyoni, lakini kila nikiurudia mkataba naona kwamba hata hayo atakayoyasema jukwaani atakuwa amechaguliwa.

Swali langu basi ni hili: mwimbaji wa kike katika muziki wetu wa Mombasa anajitawala kweli, au amri anayoonekana kuwa nayo akiwa ameshika kipaza sauti inakwisha pale anaposhuka ngazi? Na kama iko, inakaa wapi, ili tujue ni kifungu gani cha kugombania na kipi cha kuachilia? Mambo ya halali na haramu naomba tuyaache kwa masheikh wetu, kwani hayo hatukosi wa kutuelekeza.

MkongweWaVugo alijibu:

Wa aleikum salaam, mwanangu. Nimeimba na kuimbisha kwa miaka mingi, kwanza katika ngoma za kina mama huko Majengo na baadaye na makundi ya taarabu, na swali lako ni swali ambalo sisi tulikuwa hatuliulizi kwa sababu tulikuwa tukilijua jawabu lake bila ya kulisema.

Ukitaka kujua mwanamke ana amri kiasi gani katika muziki, usianze na sauti yake, anza na kuuliza shughuli ni ya nani. Mama zetu wa lelemama, ngoma ya wanawake, walikuwa na vyama vyao hapa Mombasa, na wazee wanaozikumbuka Ibinaal Watan na Banu Saada watakueleza jinsi mji mzima ulivyogawanyika katika ushindani wao. Wanawake hao walipeana vyeo, wakatoza michango, wakaamua ni nani asimame mbele katika safu na ni nani atungiwe wimbo wa kumkanya. Nguo walichagua wenyewe, sare ya chama. Sitaki kuipamba historia hiyo kupita kiasi, maana mashindano yale yalikula mali za watu na waume walilalamika, na wanyonge ndani ya chama walijua kwamba ni wanyonge. Hata hivyo mwanamke aliyedhulumiwa pale alikuwa na wa kumlalamikia, naye ni mwanamke mwenzake mwenye cheo, tena wanayejuana mitaa na nasaba.

Vugo nalo, ngoma ya arusini ya kupigwa kwa pembe, lilikuwa hivyo hivyo, na chakacha pia, ngoma ya kina mama ya kucheza kiuno. Pembe na ngoma zilikuwa zetu, ua lilikuwa letu, na aliyekaa mlangoni alikuwa mmoja wetu. Mambo yalibadilika shughuli ilipohamia kwenye jukwaa la kukodi, ambako spika, kinanda na gari la kuvibeba vina mwenyewe, na mwenyewe huyo karibu kila mara ni mwanamume. Hapo mwanamke akawa anakwenda na kitu kimoja tu, nacho ni koo lake. Chakacha ile ile tuliyoicheza mbele ya mwali na mashoga zake ikapelekwa kwenye hoteli za ufuoni ichezwe mbele ya watalii baada ya chakula cha jioni. Miondoko haikubadilika, ila anayetazama na anayelipa ndio waliobadilika, na mchezaji akaanza kuambiwa avae nini na atabasamu vipi.

Usinielewe kwamba nasema jukwaa limewanyang'anya wanawake kila kitu. Zuhura Swaleh aliyaingiza mapigo ya chakacha katika taarabu ya Mombasa na jina lake likajulikana mbali na hapa, na Malika naye aliimba mpaka watu wakamwita kwa jina moja tu wakaelewana. Walikuwa na mvuto wa kuwafanya wenye makundi wawahitaji zaidi kuliko wao walivyowahitaji wenye makundi. Lakini huo ni ubora wa mtu mmoja mmoja, na ubora hauandikwi katika mkataba.

Sasa nije kwenye mambo mawili ambayo mtu wa nje hayaoni. La kwanza ni maneno. Mashairi mengi tuliyoimba yalitungwa na wanaume. Nimeimba mapenzi ya mwanamume kwa mwanamke, nikiwa mwanamke, mbele ya wanawake, na kila aliyekaa pale aliyafasiri kwa mambo yake, wala hakuna aliyeona ajabu. Huo ndio utamu wa taarabu. Shida huja katika nyimbo za kuagizwa. Bibi mmoja ana ugomvi na mke mwenzake, anamlipa mtungaji, shairi la mafumbo linatengenezwa, na mwimbaji anapandishwa alirushe. Mtungaji analala usingizi wake, mwenye kuagiza anacheka nyuma ya upepeo wake, na mwimbaji ndiye anayechukiwa mtaani. Mpwa wako awe na haki ya kukataa wimbo. Kama kuna kifungu kimoja tu mtakachofanikiwa kukiongeza, mimi ningechagua hicho, hata kabla ya fedha.

La pili ni tuzo. Mwanamke anapoinuka kitini, akaja kwa madaha huku akicheza taratibu, akamkabidhi mwimbaji noti yake, hamlipi mwenye spika. Anatangaza mbele ya watu kwamba ubeti ule ni wake, umemsemea jambo lake. Ni mazungumzo baina ya wanawake wawili ambayo ukumbi mzima unayashuhudia. Kuichukua noti ile yote na kuitia katika kisanduku ni kuyakata mazungumzo hayo. Kugawana ni desturi, nasi tuligawana. Kuchukua yote ni jambo jingine.

MpigaKinanda alijibu:

Kwa heshima zote kwa bibi yetu hapo juu, nadhani upande wa wapigaji haujasikika, nami ni mmoja wao.

Mwenye kundi anaponunua kinanda, spika na mashine ya kuchanganyia sauti, mara nyingi amekopa. Shughuli ikivunjika kwa sababu ya mvua au msiba, deni halivunjiki. Mpiga ngoma, mpiga besi na mpiga kinanda wote wanakula kutokana na usiku ule ule, na hadhira haiwatuzi, kwa sababu hadhira inamwona anayeimba. Je, ni haki mwimbaji aondoke na noti za usiku mzima na mtu aliyempigia mpaka vidole vikafa ganzi apate posho peke yake? Ubeti ule uliomgusa yule bibi akainuka, sisi ndio tulioutandikia njia. Kwa hiyo kisanduku hakikubuniwa kwa ajili ya kumdhulumu mwanamke. Kilibuniwa kuzuia kundi lisivunjike kwa wivu, na yako yaliyovunjika.

Tena tusiwazungumzie waimbaji wa kike kana kwamba hawana nguvu yoyote. Mwimbaji akihama, wateja wanahama naye. Nimeona kundi lililokuwa na shughuli kila Ijumaa na Jumapili likabaki na vyombo vyake ghalani kwa sababu bibi mmoja alikasirika akaenda zake. Kifungu cha kumzuia asiimbe kwingine kimezaliwa na hofu hiyo. Mimi sikitetei kama kilivyoandikwa, maana miaka 3 bila hata arusi ya binamu ni ukali usio na maana, lakini fahamuni kwamba kinatoka kwa mtu anayeogopa.

Hata hivyo nitakubali jambo moja kwa sababu nimeliona kwa macho yangu. Katika kazi hii sisi sote hucheleweshewa malipo, sisi sote hutukanwa na walevi. Lakini katika muda wote niliopiga muziki hotelini sijawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba shati langu ni refu mno, wala sijawahi kuombwa nikakae kwenye meza ya mgeni aliyeagiza vinywaji vingi. Waimbaji wetu wanaombwa. Na wanaowapelekea ombi hilo wakati mwingine ni viongozi wetu wenyewe wa kundi, kwa sababu mgeni huyo akifurahi, hoteli itatuita tena.

SautiYaLikoni aliandika:

Nimesoma nikaona kwamba sote tunamzungumzia mwimbaji, na anayeimba sasa hivi bado hajasema. Mimi naimba, hotelini na katika kumbi za Mtwapa, naishi Likoni, nami ni mama wa watoto ambao karo yao inatokana na kazi hii. Naomba nisihurumiwe.

Ninapokuwa jukwaani mimi ndiye ninayeamua ukumbi uwe vipi. Nikitaka watu wanyamaze, wananyamaza. Nikitaka waume wa watu waone haya kwa waliyoyafanya, wanaona. Mpwa wako hakusema uongo, dada BintiKisauni, kwamba hapo hakuna anayemkatiza kauli. Aliye nje ataona nguo na kiuno, akadhani ndiyo kazi yenyewe, nami sina la kumfanya.

Ugumu uko pembeni ya jukwaa. Mtu anakuwekea fedha mahali ambapo hukumruhusu aguse, mbele ya watu, na unatakiwa uendelee na ubeti bila ya kuonyesha uso. Meneja anakuambia uende ukasalimie meza fulani. Ukikataa mara moja unaambiwa una maringo, ukikataa tena unaanza kupangiwa siku zisizo na watu. Hakuna neno baya lililotamkwa, wala hakuna ushahidi wa kupeleka popote. Mimi nilijiwekea sharti kwamba nasalimia nikiwa nimesimama, na mmoja wa wapigaji anasimama nami. Mpaka leo sharti hilo limesimama, ingawa limenigharimu baadhi ya shughuli.

Na njia ya kurudi nyumbani. Feri inavusha usiku kucha, lakini kutoka Mtwapa mpaka feri, saa hizo, ukiwa umebeba nguo za kazi na fedha, unaitegemea gari ya mtu. Mwenye gari ndiye anayejua lini utafika kwako na kwa masharti gani. Kama kundi halitaandika usafiri katika mkataba, basi mshahara wowote watakaoutaja upunguzeni kwa nauli ya teksi ya kila usiku ndipo mjue wanalipa nini.

Kuna jambo jipya ambalo wakongwe hawakukutana nalo, nalo ni simu. Kwenye kupamba na shughuli nyingine za wanawake watupu, sisi waimbaji nasi huvua buibui kama wageni. Mwenye arusi atasema simu zisitumike, na mlangoni watawekwa watu wa kuzikusanya, lakini kila shughuli ina jamaa wa karibu ambaye hakunyang'anywa ya kwake. Siku ya pili unajikuta uko katika makundi ya WhatsApp ya watu usiowajua, na wa kwanza kukupigia simu ni mjomba. Bibi arusi akirekodiwa, familia nzima inasimama kumtetea. Mwimbaji akirekodiwa, wanasema si ndiyo kazi yake.

MwanasheriaMvita alijibu:

Nimeombwa na mmoja wenu kwa faragha niseme kidogo kuhusu sheria, nami nitasema kwa jumla, kwa kuwa sijauona mkataba wenyewe.

Kifungu kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile cha nyimbo kuwa mali ya kundi milele. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatofautisha haki ya mtunzi wa maneno na lahani na haki ya mtu aliyeuimba wimbo. Mtu anaweza asiwe ametunga hata neno moja na bado akawa na haki zake kama mwigizaji wa kazi hiyo. Kuihamisha hakimiliki kwa mtu mwingine kunahitaji maandishi, na ndiyo maana wenye makundi hukimbilia kuleta karatasi: saini ya mpwa wako ndiyo itakayowapa kitu ambacho bila yake hawana. Badala ya kuhamisha, anaweza kutoa ruhusa ya matumizi kwa muda unaojulikana na kwa shughuli zinazojulikana, kisha haki ikabaki kwake. Na kama ametunga wimbo wowote mwenyewe, uorodheshwe kwa jina katika mkataba kabla ya kutia saini, ili baadaye usije ukadaiwa kwamba ulitungwa ndani ya kundi.

Kwa mapato, watunzi hukusanyiwa na chama chao, na waimbaji na wapigaji na chama chao. Ajiandikishe kwa jina lake, asiandikishiwe na meneja kwa jina la kundi. Hili linaonekana dogo, lakini wimbo ukitumiwa kama mlio wa simu au ukipigwa redioni, fedha hufuata jina lililo kwenye daftari. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka kwamba katika mapato ya milio ya simu, asilimia 52 ni ya msanii au mwenye hakimiliki. Someni vizuri hapo: au mwenye hakimiliki. Akiwa amekwisha kuihamisha, asilimia hiyo inamwendea aliyehamishiwa.

Kuhusu usumbufu wa kijinsia, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaukataza kazini, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na sera ya maandishi. Kundi la muziki kwa kawaida halifikii idadi hiyo, na mikataba mingi imeandikwa kwa ujanja ili mwimbaji asionekane kuwa ni mwajiriwa. Hoteli lakini inafikia, na mara nyingi kupita. Naomba mwulize mwenye kundi, kwa maandishi, ni sera gani inayomlinda msanii wa nje anapofanya kazi ndani ya hoteli ile. Ipo pia Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, inayomgusa mtu mwenye mamlaka anayemsumbua aliye chini yake huku akijua kwamba hapendezwi. Ushahidi aliosema SautiYaLikoni kwamba haupo unaweza kujengwa taratibu: ujumbe wa simu usifutwe, na ratiba za shughuli zitunzwe, maana kupangiwa siku mbaya baada ya kukataa ni jambo linaloonekana kwenye ratiba.

Kuhusu video, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 31 inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu kuwa ni data yake binafsi. Kuna pia kifungu cha sheria ya mitandao ya mwaka 2018 kuhusu kusambaza picha za utupu au za siri za mtu, lakini sidhani kitaifikia video ya mwanamke anayeimba bila ya buibui, hata kama kwake yeye na kwa jamii yake madhara ni makubwa. Njia nyepesi zaidi ni kumbana mwenye shughuli: kundi linapopokea arbuni, liandikiane naye kwamba marufuku ya simu inawahusu pia waimbaji, na kwamba atawajibika ikivunjwa na watu wake.

MsomajiWaKibokoni aliandika:

Naomba niongeze mawili matatu ya historia, kwa kuwa baba wa binti amezungumzia heshima, na heshima ina historia.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba huko Unguja, alikejeliwa kwa asili yake ya shamba na kwa kaniki aliyovaa, na waliomkejeli walikuwa watu wa mjini waliojiona bora. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, akiimba kwa Kiswahili wakati ambapo taarabu ya watu wakubwa ilikuwa ya Kiarabu. Wapigaji wake walikuwa wanaume, lakini kundi lilijulikana kwa jina lake. Miongoni mwa nyimbo zake umo ule wa Kijiti, unaosimulia mauaji ya mwanamke na jinsi mahakama ya wakati wa Waingereza ilivyowageukia mashahidi wa kike badala ya muuaji aliyetoroka. Hebu fikirini: jambo ambalo mahakamani halikupata haki, mwanamke alilisema mbele ya watu kwa lahani, na likabaki. Hapo sioni mwimbaji aliyepoteza heshima, namwona aliyewakosesha wengine.

Umm Kulthum, ambaye nyumba nyingi za Mji wa Kale zilikuwa na kaseti zake, alianza kuimba akiwa mtoto amevalishwa nguo za kiume na baba yake, imamu wa kijiji, aliyeona haya kumpandisha binti mbele ya watu. Baadaye akiwa Kairo alisimamia mambo yake ya kazi mwenyewe na akawahi kukiongoza chama cha wanamuziki wa Misri. Bi Kidude naye, aliyefariki mwezi wa Aprili 2013, alizitoa ngoma za unyago zilizokuwa za ndani akazipiga mbele ya dunia, na hadi leo wako wanaosema alikosea na wako wanaosema alizihifadhi. Zimbabwe alikuwapo Stella Chiweshe, aliyejifunza mbira katika miaka ya 1960 wakati chombo hicho kikihesabiwa kuwa ni cha wanaume. Huyu wa mwisho ndiye ninayependa mpwa wako amjue, kwa sababu hakuishia kwenye sauti. Alikuwa na chombo mikononi.

Upande wa pili wa mizani niweke mpasho wa Dar es Salaam wa miaka ya 1990, Khadija Kopa na Nasma Khamis wakirushiana maneno, mji ukijaa kumbi kuwasikiliza. Wanawake wawili wenye vipaji vya ajabu walionekana wakigombana, na makundi waliyoyajazia kumbi, TOT na Muungano, yaliongozwa na Kapteni John Komba na Norbert Chenga. Simlaumu yeyote kati yao, na waimbaji wale walijijengea majina kwa ushindani ule. Naonyesha tu mahali mlango ulipokuwa.

MkongweWaVugo alijibu:

Mwanangu MpigaKinanda, nimekusoma na umesema kama mtu mwenye insafu. Vidole vyako vina haki yao. Basi andikeni mgao: nusu ya tuzo kwa mwimbaji, nusu kwa waliopiga, na ihesabiwe pale pale kabla ya gari kuondoka, mbele ya wote. Sisi tulifanya hivyo na hatukugombana, au tuseme tuligombana kwa mambo mengine.

Lakini hofu ya mwenye kundi isilipwe na binti. Kama anaogopa kuhamwa, atengeneze kazi ambayo mtu hatamani kuihama.

Na kuhusu baba wa binti: msimpige vita. Baba anayekataa kwa heshima mara nyingi anakataa kwa kuwa hajui nani atakuwa pale. Mpelekeni siku moja akamwone bintiye akiimba, akae nyuma na wanaume wenzake. Nimewaona baba wakigeuka kwa njia hiyo, wachache, lakini nimewaona.

BintiKisauni alijibu:

Nawashukuru nyote, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimeketi na mpwa wangu na mama yake, tukasoma majibu yenu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti.

Tumeandika masharti yetu kwa mkono na tutayapeleka: mkataba wa mwaka 1, haki ya kukataa wimbo na ya kukataa kukaa na wageni, mavazi kwa makubaliano, na ya arusini kuyachagua mwenyewe, tuzo nusu kwa nusu kama alivyoshauri bibi, usafiri wa kundi mpaka mlangoni, ruhusa ya kuimba kwa jamaa, na nyimbo zake 4 alizozitunga mwenyewe, tumeziorodhesha. Kuhusu kurekodi tutatoa ruhusa ya muda, si kuhamisha. Mwenyewe ameniambia kwamba akikataliwa sharti la usafiri au la meza hatatia saini, na kwamba kwa mengine yuko tayari kusikilizana. Namna alivyolisema, bila ya kunitazama mimi wala mama yake, ilinitosha.

Amebaki na swali moja alilotaka niwafikishie. Jina la MsomajiWaKibokoni la yule mama wa mbira limemwingia, anasema anataka kujifunza kinanda. Je, kundi litamkubalia mwimbaji wa kike ashike chombo, na ni nani hapa mjini anayefundisha wasichana?

MpigaKinanda alijibu:

Kundi lake sijui, ila mimi sina kizuizi. Nina kinanda cha zamani ambacho vitufe vyake viwili havilii, lakini kwa kuanzia kinatosha. Aje na mama yake au nawe, Jumamosi baada ya alasiri, hapo kwetu Majengo ambapo tunafanya mazoezi, watu wakiwapo. Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze njia. Na mwambie aanze kuzoeza mkono wa kushoto, maana waimbaji wote huanza na wa kulia kwa sababu ndiko lahani iliko, kisha baadaye hupata tabu kujipigia wenyewe huku wakiimba.